Vitabu vya hadithi vimemfukuza baba mkekani

SWALI

Kwako mshauri,

Nimesoma safu hii kwa muda mrefu na sikudhani siku moja ningekuwa mimi ninayeandika. Nina watoto wawili, binti wa miaka tisa aliye Gredi 4 na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Tunaishi Kangemi, nyumba ya vyumba viwili. Mume wangu anauza makaa. Ana kibanda chake karibu na steji na kazi hiyo ameifanya kwa miaka 11. Makaa ndiyo yaliyolipa mahari yangu, na ndiyo yanayolipa kodi na kuwavisha watoto sare za shule.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilianza kuwasomea watoto kila usiku baada ya chakula. Sikuwa na mpango wowote mkubwa, nilikuwa nimechoka tu na runinga na simu. Vitabu vingine nilinunua mjini kwa wauzaji wa mtumba, vingine mwalimu wa binti yangu aliniazima. Tunatandika mkeka, tunazima runinga, mdogo anajifunika shuka la babake, nami nasoma. Nikikwama kwenye neno, binti ananinyang'anya kitabu anasoma yeye. Mume wangu alikuwa akijilaza kitandani, mlango wa katikati ukiwa wazi, akijifanya amelala. Lakini fisi akiingia kwenye hadithi, sauti ya fisi ilitoka chumbani. Hatukuwahi kumwomba. Baada ya wiki mbili akaanza kuja mwenyewe kukaa nasi, na yule mdogo akawa hakubali kitabu kifunguliwe kabla Baba hajanawa mikono.

Kisha tukasoma kitabu cha msitu. Nilikichagua makusudi kwa sababu nataka watoto wangu wajali mazingira. Ploti yetu taka zinachomwa mlangoni, na mtaro ukizibika kila mtu anamngoja mwenzake. Hadithi ni ya mtu mwenye shoka anayekata miti yote ya mlimani mpaka mto unakauka, kisha wanyama wanakusanyika na kumfukuza. Kuelekea mwisho kuna picha ya huyo mtu: mnene, macho mekundu, gunia la makaa mgongoni, mikono myeusi mpaka viwikoni. Mwanangu mdogo akaweka kidole kwenye picha akasema, "Baba."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu aliitazama mikono yake. Alikuwa ameinawa, lakini weusi wa makaa hautoki kwenye kucha. Nikafunua ukurasa haraka, nikamaliza kitabu mbiombio, na kama ilivyo desturi yetu nikauliza, "Haya, hadithi hii inatufunza nini?" Binti yangu akajibu kama aliye kwenye mtihani: "Wanaokata miti ni watu wabaya."

Toka hapo hakukukalika. Alianza kumwuliza babake maswali. Makaa haya yalikuwa mti gani? Gunia moja lina miti mingapi? Mara ya kwanza alijibiwa vizuri, mara ya pili akaambiwa Baba amechoka. Kisha akagoma kula githeri iliyochemshwa kwa jiko la makaa, anataka tutumie gesi. Gesi tunayo, mtungi mdogo, ya chai ya asubuhi. Kuchemsha mahindi na maharagwe kwa muda wa saa tatu kwa gesi siwezi.

Jumamosi moja mwezi uliopita akachana karatasi kwenye daftari, akaandika kwa kalamu nyekundu: BABA TAFADHALI ACHA KUUZA MITI ILIYOKUFA. Akaenda akaibandika kwa selotepu kwenye mlango wa kibanda. Mteja aliyekuja kununua mkebe wa makaa akaisoma kwa sauti, na watu wa steji wakacheka. Mume wangu akaibandua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Hakumchapa wala hakumkemea. Jioni aliniambia hivi tu: "Hivyo vitabu vimenunuliwa na hayo makaa." Tangu siku hiyo anafunga kibanda saa tatu usiku, na anaingia nyumbani tukiwa tumeshakunja mkeka.

Mama mkwe anasema mtoto amekosa adabu, apige magoti aombe msamaha. Mdogo wangu anasema niachane na vitabu vya mazingira niwasomee vya kawaida. Mwalimu nilipomweleza alifurahi, akasema binti ana moyo wa uongozi.

Mimi najivunia mwanangu na wakati huohuo naona aibu mbele ya mume wangu. Tena kuna jambo lingine. Mafuriko ya Aprili 2024, nyumba ya huyo mdogo wangu kule Mathare iliingia maji usiku, na watoto wake watatu wakalala kwetu wiki tatu. Binti yangu alilala nao kitanda kimoja na alisikia yote waliyosimulia. Kwa hiyo akizungumza kuhusu miti na mvua siwezi kumwambia ni mambo ya vitabuni. Wala siwezi kumwambia kazi ya babake haina neno lolote, maana hata mimi siamini hivyo kwa moyo wote.

Nifanye nini? Nivifungie vitabu kabatini? Nimlazimishe aombe msamaha? Naogopa atachukia kusoma, au atamdharau babake, na sijui ni lipi baya zaidi.

Mama wa Mkekani, Kangemi


JIBU

Mpendwa Mama wa Mkekani,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Kilichonishika kwanza ni ile sauti ya fisi, ikitoka chumbani kwa mtu anayejifanya amelala. Katika nyumba nyingi za Nairobi baba huondoka watoto hawajaamka na hurudi wamelala. Wewe ulishampata baba anayenawa mikono ili hadithi ianze. Naelewa basi kwa nini unaumia hivi, na nimefurahi kwamba umeandika mapema, kabla kuchelewa kwake hakujawa mazoea ya nyumba.

Nikikuelewa sawasawa, ulitaka mambo mawili: watoto wapende vitabu, na wayajali mazingira wanamoishi. Yote mawili umeyapata, kisha yakagongana na unga wa nyumba yenyewe. Sasa unajiona kama uliyesimama njia panda, upande huu ukweli alioushika binti yako, upande ule heshima ya mumeo, na kila mtu anakuvuta aendako. Kabla hujafuata njia yoyote, hebu turudi usiku ule wa kitabu cha msitu, maana nahisi umeusoma kwa jicho la mtu aliyeshtuka.

Chukua kidole cha mwanao mdogo. Mtoto wa miaka sita akiona gunia na mikono myeusi hatoi hukumu. Amemwona mtu anayemjua. Huenda alifurahi kumkuta babake kitabuni, kama ambavyo angefurahi kuona matatu ya mtaa wenu imechorwa pale. Kimya kilichofuata kilikuwa chenu nyinyi watu wazima, na ndicho kilichowaambia watoto wote wawili kwamba limetokea jambo la aibu. Silaumu, mimi pia ningefunua ukurasa. Ila najiuliza, ungemwuliza tu, "Kweli? Anafanana na Baba wapi?" angekujibu nini?

Halafu lile swali lenu la kila usiku, hadithi inatufunza nini. Wengi wetu tumelelewa nalo. Darasani tulisimamishwa tukajibu na tukapigiwa makofi. Kwa mtihani lina kazi yake. Mkekani linamzoeza mtoto kuona hadithi kama ganda, likishapasuliwa linatupwa na kinabaki kimsemo kimoja. Binti yako ni hodari, akakupa kimsemo chenyewe: watu wabaya. Na kitabu kilikuwa kimemtengenezea njia. Yule mtu wa shoka hana jina, hana mtoto, hadaiwi kodi, wala hatuonyeshwi gunia lile alikuwa akimpelekea nani. Alikuwa akinipelekea mimi, na jirani yako, na mama wa chapati wa pale steji. Hadithi ya mazingira isiyo na mnunuzi ndani yake imemwachia mbebaji mzigo wote peke yake.

Sasa tuje kwa binti, ambaye unaogopa anaanza kumdharau babake. Inawezekana. Lakini nimeyasoma maneno yake sita ya wino mwekundu mara nyingi, na neno la pili ni "tafadhali". Anayemdharau mtu hambembelezi. Huyu ni mtoto aliyelala wiki tatu kitanda kimoja na binamu waliotolewa majini usiku. Baadaye anasoma kwamba miti ikikatwa mto huharibika, naye anauunganisha na maji ya Mathare. Angefanya nini? Anamtafuta mtu mwenye nguvu wa kuyazuia maji yasije tena, na mtu mwenye nguvu kuliko wote anaowajua ni Baba. Huenda kinachoitwa utovu wa adabu ni hofu iliyokosa mahali pa kukaa. Siwezi kujua nikiwa huku. Wewe unaweza. Usimwulize usiku, wala mkekani. Mwulize ukimsuka, au mkichambua sukuma, mikono ikiwa na kazi na macho hayakutani: "Mvua ikinyesha usiku huwa unawaza nini?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Ukikuta ni hofu, anahitaji ukweli wenye kipimo. Mvua za mwaka 2024 zilikuwa nyingi kupita kawaida. Zilikuta nyumba zimejengwa ukingoni kabisa mwa mto, mitaro imejaa taka, na jiji lililofunikwa saruji isiyokunywa maji. Ni kweli pia kwamba ardhi iliyovuliwa miti hushindwa kushika mvua, na maji yote huteremka kwa mkupuo. Mwambie hayo yote bila kuacha hata moja. Ataona mwenyewe kwamba gunia la babake halikwenda Mathare kuvunja mlango wa mama yake mdogo. Na ataona kwamba mtaro wa ploti yenu, ule ambao kila mtu anamngoja mwenzake, nao ni sehemu ya kisa hichohicho.

Kuhusu makaa yenyewe, uko sahihi kutotulia, na mumeo yuko sahihi kukataa kuitwa mhalifu. Swali la binti yako kuhusu gunia na miti lina jibu la hesabu: katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya makaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Panapokatwa miti mingi kuliko inayochipua, nyika hubaki uchi. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, na Kitui wakazuia biashara ya makaa. Bei ilipanda, lakini majiko ya Nairobi hayakuzimika, maana watu walikuwa bado wana maharagwe ya kuchemsha. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuiondoa ile marufuku ya kitaifa.

Lakini si kila makaa ni makaa yaleyale. Mumeo bila shaka anaujua mathenge. Mti huo ulipandwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, kuzuia jangwa. Ukashika ardhi, ukaenea, ukafunga malisho na njia za maji, na mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaharibika meno. Wailchamus, jamii ya huko Baringo, waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Leo kuukata mathenge na kuuchoma makaa ni mojawapo ya njia za kuupunguza. Hebu fikiria kisa hicho kikisimuliwa kwenye mkeka wenu: mti uliokuja kama mwokozi, mchoma makaa anayesaidia nyika, na mbuzi asiye na meno mbele ya hakimu. Nani atatoa sauti ya huyo mbuzi?

Hapo ndipo ninapoona mlango, ingawa sisemi lazima upitie huo. Mumeo ana maarifa ya miti ambayo hakuna kitabu chenu kinayo. Miaka 11 ameyabeba makaa mikononi. Anajua kwamba kipande cha mti mgumu ukikigonga kwa kingine hulia kama kigae, na cha mti mwepesi hutoa sauti ya kufa na kumeguka. Anajua gunia zito na gunia la kudanganya. Binti yako alipomwuliza "yalikuwa mti gani?" alikuwa akimwuliza mtaalamu. Kwa kuwa swali lilikuja nyuma ya picha ile, alilisikia kama swali la polisi. Ile hesabu ya kuni na makaa haipendezi masikioni mwa mfanyabiashara, lakini ningependelea mtoto aipate kwa babake, mtu anayeweza kuiongeza na habari za watu walioko nyuma yake, kuliko kwa ukurasa wenye mtu wa macho mekundu.

Ipo pia kazi ya mikono wanayoweza kuifanya pamoja, nayo unaifahamu maana imeenea mitaani kwetu. Chini ya kila gunia hubaki vumbi. Huchekechwa, huchanganywa na udongo kidogo na maji, hufinyangwa madonge ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, huanikwa juani siku kadhaa mpaka yakauke moyoni. Huwaka polepole bila haraka ya kuisha, na hakuna kitu kinachoyafaa kama githeri. Mikono ya watoto itakuwa myeusi mpaka viwikoni, na nadhani unaelewa kwa nini naitaja picha hiyo. Ila jiko liwake nje, au mlango na dirisha vikiwa wazi, kwa kuwa hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua bila kunusika. Wala usimwahidi binti kwamba madonge hayo yatageuza biashara ya babake. Kama siku moja mumeo ataamua kuuza madonge, au kuuliza gunia linatoka wapi kabla ya kulinunua, liwe wazo lake. Riziki ya nyumba ikiamuliwa na shinikizo la mtoto wa miaka tisa, mtoto huyo atabeba lawama siku mambo yakienda mrama.

Hatari ya njia hii ni kwamba mumeo akihisi umempangia somo, ataondoka kwa mara ya pili na itakuwa vigumu zaidi kumrudisha. Kwa hiyo usianze na watoto. Nenda kibandani siku ambayo wateja ni wachache, keti kwenye kile kigoda cha wageni, usipeleke hoja. Yeye hajasema amekasirika. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa shati, na angeweza kuitupa kwenye jiko lililo mbele yake. Mwulize kama bado anayo. Sidhani kuna swali bora la kuanzia.

Kuvifungia vitabu naelewa kunavyovutia. Nyumba itatulia haraka. Hofu yangu ni kwamba binti atajifunza kuwa kitabu kikileta neno gumu hufichwa, na la pili atakalolikuta, pengine akiwa na miaka kumi na minne, hatakuletea wewe. Ushauri wa mdogo wako hata hivyo una kitu ndani yake. Mmekula kitabu kizito kimoja na hakijasagika. Hakuna ubaya mkipumzika na sungura na kobe kwa wiki chache, mkacheka tu. Paukwa, pakawa, bila swali la mwisho. Tega vitendawili. Nyumba yangu ina nguzo moja: uyoga. Mtoto anayejua jibu hilo atainama siku atakapouona uyoga wenyewe, na kuinama kule ndiko kujali mazingira kunakoanzia kwa umri wake.

Namkumbuka Wangari Maathai hapa. Watoto wetu hufundishwa habari zake kama vita: mnara uliozuiwa Uhuru Park mwaka 1989, msitu wa Karura ulivyopiganiwa, Tuzo ya Nobeli mwaka 2004. Lakini alipopokea tuzo hiyo kule Oslo, mwishoni mwa hotuba yake alisimulia utoto wake kando ya kijito alikokuwa akiteka maji. Alikuwa akicheza kati ya majani ya nduma na kujaribu kuyaokota mayai ya vyura, akidhani ni shanga. Kila alipopenyeza vidole yalikatika. Baadaye akaviona viluwiluwi vikiogelea. Yule mtoto hakuwa na adui bado. Alikuwa na kijito. Binti yako ameanzia mwisho wa safari, kwenye adui, na ningependa apate shanga zake kwanza.

Kangemi kijito cha kunywa hakuna, najua. Lakini Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na barabara ya State House, mnaweza kuifikia Jumapili. Chukueni kitabu kimoja kwenye mfuko, msome chini ya mti. Mkiwa kwenye matatu Waiyaki Way, waonyeshe watoto ule mti wa mugumo wa Westlands ulionusurika mwaka 2020 wakati barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa. Kama Baba yupo, mwacheni awaambie kama mugumo ungetoa makaa ya maana. Na kama vitabu vinakwisha, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure, zinasomeka hata kwa simu. Mkimaliza hizo, daftari la kurasa mia halina gharama kubwa. Baba asimulie, binti aandike, mdogo achore. Mtoto aliyeandika maneno sita na steji nzima ikayasoma anastahili kupewa ukurasa mrefu kuliko mlango wa kibanda.

Nimalizie na suala la msamaha, kwa kuwa mama mkwe wako ataliuliza tena. Naye hajakosea kabisa. Kuna kitu kiliumia siku ile, nacho ni mume wako kuchekwa na wateja wake. Naona tofauti kati ya swali la mtoto na mahali alipolibandika. Akilazimishwa kupiga magoti kwa ajili ya vyote viwili, ataelewa kwamba kuuliza ndiko kulikokuwa kosa. Akipongezwa kwa vyote viwili, kama mwalimu alivyofanya kwa nia nzuri, hatajua kamwe kwamba babake aliumia. Pengine unaweza kumweleza, bila hasira, jinsi watu walivyocheka na jinsi Baba alivyoikunja karatasi. Kisha umwachie aone mwenyewe ana la kumwambia babake au hana. Watoto wa umri wake huwa nalo, wakipewa muda. Ukiona siku zinapita na hajasema, hilo nalo ni jambo la kuzungumza naye, nawe ndiye utakayejua lini.

Huenda mumeo asirudi mkekani wiki hii wala ijayo. Endelea kutandika. Soma ukiwa na mlango wa katikati wazi, na kama anaingia saa tatu, hakuna ubaya hadithi ikianza saa tatu siku ya Ijumaa, shule ikiwa haipo kesho yake. Usimwite. Fisi akifika kwenye hadithi, vuta pumzi kidogo kabla ya kumsemea.

Yule mdogo aliweka kidole kwenye picha akasema neno moja, na hakuna aliyemjibu mpaka leo. Ningependa sana kujua Baba mwenyewe atamjibu nini. Niandikie tena, tafadhali.